Kizibo cha Chini Nimekuachia

Okunotani, Awaji
Mwisho wa Novemba, siku ya mvua

Kaka Yasuhide,

Baridi imeshaanza kuteremka mlimani, nikaona nikusalimu kabla haijanishika vidole nikashindwa na kalamu. Hujambo, Kaka? Osaka kukoje? Kile kikohozi ulichoondoka nacho siku ya arobaini na tisa, ya kumwombea marehemu Baba, natumaini kilikwisha zamani na kwamba siku hizi unakula chakula cha moto. Ukituuliza sisi, tupo. Mama anakula, anatembea na ananigombeza, kwa hiyo ni mzima. Mdogo wako Noriaki mgongo unamsumbua, lakini kiwanda cha vigae hakiulizi habari za mgongo. Koharu sasa ana miaka minne na maswali hayamwishi hata usingizini. Itsuki, ambaye hujamwona bado, ana meno mawili na ameshajua kazi yake. Hivi ninavyoandika nimembeba mgongoni. Ukiona mstari umepanda ghafla, ujue kanivuta nywele.

Mimi nimechoka, Kaka. Sisemi ili unihurumie. Ni majira ya kupandikiza vitunguu, na wewe uliyezaliwa humu huhitaji kuelezwa: mtu anainama asubuhi, jioni akinyooka anajikuta bado ameinama. Leo mvua imetuonea huruma, hatukwenda shambani. Nimefua, nimechemsha figili, nimemlaza Koharu, Mama naye anasinzia karibu na jiko. Nikasema leo, la sivyo mwaka utaisha.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu wewe hujibu "haya, haya", kisha treni yako inafika. Treni zako hufika upesi sana kila nikitaja jina la Mama. Barua haina treni. Isome utakapopenda, ila naomba uisome mpaka chini.

Habari yenyewe ni ya lambo.

Wewe unalijua lambo kuliko mimi niliyelikuta kwa ndoa, lakini unalijua la zamani. Wakati wako lilikuwa na kazi. Maji yalishuka kwenye mpunga, na kila mwaka baada ya mavuno kizibo cha juu kiling'olewa, baadaye cha chini, lambo likakauka, matope yakatolewa, tuta la kuzuia maji likapigwa jua na mtu akaweza kuona lilipoumia. Tangu Baba afariki mpunga hatulimi tena, na vitunguu vinakunywa maji ya mfereji mkubwa. Basi lambo likabaki halina kazi, limejaa mwaka mzima, hakuna anayeligusa. Likageuka mji wa viumbe. Bata mwitu wanakuja wakati wa baridi, wengine siku hizi hata hawaondoki. Kobe wanapanda kwenye ule mti ulioanguka, wanapangana kama wazee kwenye benchi la zahanati. Kuna korongo wawili weupe, mume na mke, wanaotokea upande wa bara. Na wale samaki wa Baba, koi, wamekuwa wakubwa hata Koharu anawaogopa. Yule mwekundu, ambaye Baba alimwita Mwenyekiti kwa sababu hufika wa kwanza kwenye chakula na wa mwisho kwenye kazi, bado yupo. Amenenepa zaidi.

Kila asubuhi Mama hupanda tutani na wali uliobaki. Hupiga maji kwa kiganja, nao wanakuja. Yeye hawaoni tena, maana mtoto wa jicho ameyafunika macho yake yote mawili, lakini anawajua kwa midomo yao vidoleni. Huyu fulani, huyu fulani, huyu ni mgeni. Nimesimama naye pale mara nyingi nikiwa na mtoto tumboni, kisha na mtoto mgongoni, na nikuambie kweli, ni mahali pazuri. Nisingependa ufikiri nililichukia lambo lile.

Lakini tuta lilikuwa linaumwa. Nguruwe mwitu waliligundua, wakawa wanalichimbua juu kutafuta minyoo, mashimo ambayo mtu angeweza kuweka beseni ndani yake. Mianzi nayo ikaingiza mizizi kutoka upande wa kaburini. Mzee Ikuhara, jirani yetu wa chini, ambaye bado yupo na bado anatembea na sigara iliyozimika mdomoni, alinifundisha mambo ya tuta nilipokuja. Alisema kila tuta la udongo hutoka jasho kidogo chini, ni kawaida. Jasho likiwa safi, lala usingizi. Likiwa na matope, chukua watoto utoke. Mwaka jana lilikuwa safi. Mwaka huu, mvua za Juni zilipoisha, nililikuta limeongezeka nyuma ya kibanda cha kuanikia vitunguu, bado safi, lakini limeongezeka hata kandambili zangu zikazama.

Nikamwambia Mama wakati wa kula. Akaniambia nimsogezee achari.

Nikarudia siku nyingine, kwa upole, nikasema tungeng'oa kizibo cha juu tu, maji yashuke kidogo, samaki wake wasiguswe. Hapo akaweka chini vijiti vyake vya kulia. Alisema, "Lambo si ndoo, kila apitaye ang'oe kizibo. Mwenyewe yupo. Alisema anakuja."

Kaka, unajua anamsema nani. Katika nyumba hii kizibo cha kwanza hung'olewa na mrithi, Baba alikipokea kwa baba yake, na wewe Baba alikuingiza majini kukuonyesha ulipokuwa hujaota ndevu. Siku ya arobaini na tisa ulikuwa umeshavaa viatu, Mama amekushika mkono wa koti, ukamwambia, "Nitakuja kung'oa kizibo, Mama." Labda ulilisema ili akuachie mkono. Mimi nilikuwa nyuma yenu nimeshika trei ya vikombe, nilisikia. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Nikamgeukia Noriaki. Nilimwambia mvua za vuli zinakuja, aingie akakivute. Akasema, "Hicho si changu." Nikamuuliza tuta likibomoka litauliza nani mkubwa na nani mdogo? Akasema mimi ni mtu wa pwani, sielewi. Nikamwambia kwetu pwani mtumbwi ukivuja, anakomba maji aliye na mkono. Tukanuniana. Mtu na mumewe, wamechoka wote wawili, wanagombana kwa kunong'ona kwa sababu watoto wamelala. Hata hasira zenyewe zilikuwa zinapiga miayo.

Na kila vuli Mama alitoa zile buti zako za mpira zinazofika kifuani, na koti lako la mvua la buluu, akaziosha, akazining'iniza mlangoni. Mzee Ikuhara alikuwa akipita anamtania, "Shizuyo, hizo buti zitaota mizizi hapo." Mama humjibu, "Zako zimeota ukungu na wewe mwenyewe umo ndani." Wanacheka. Baadaye zinarudi stoo. Daktari wa Sumoto alishasema macho yake ni kazi ndogo, anaingia asubuhi anatoka jioni. Alikataa. Nilipombembeleza aliniambia, "Wakinifungua macho leo nitaona nini? Mlango?"

Wewe ungemjibu nini?

Naomba radhi, nilisimama kidogo. Itsuki alitaka kunyonya.

Ile dhoruba ya Oktoba uliiona kwenye televisheni, maana ulimtumia Noriaki ujumbe wa neno moja, "Wazima?", naye akakujibu, "Wazima." Ndugu wawili wa tumbo moja. Nitakueleza yaliyokuwa katikati ya maneno yenu hayo mawili.

Noriaki alikuwa ameitwa na kikosi cha zimamoto cha kijiji tangu asubuhi, wanapanga mifuko ya mchanga kwenye daraja la chini. Alivaa buti zake ndefu akaenda nazo. Alasiri kipaza sauti kikatangaza kwamba watu wa bondeni wapande shuleni. Mzee Ikuhara akaja na kigari chake cha mizigo, mkewe ameketi ndani amekumbatia paka, akanipigia kelele kutoka uani, "Bi harusi! Jasho limegeuka rangi!" Nina watoto wawili na bado ananiita bi harusi. Nikakimbia nyuma ya kibanda. Lilikuwa la kahawia kama supu ya miso, na linatoka kwa msukumo.

Nikampa watoto. Mama akakataa kupanda garini. Alikaa mbele ya picha ya Baba, akawasha ubani, akasema haendi kulazwa sakafuni shuleni kama gunia, na kwamba tuta lile alilijenga babu wa mumewe na halijapata kumsaliti mtu wa nyumba hii. Ikuhara alimwambia, "Tuta halijui ukoo, Shizuyo. Likija linabeba na picha." Akamjibu achukue moshi wake aende zake. Mama ni mfupi, lakini akishika nguzo ya nyumba ni kama ameota pale. Nikamwambia mzee aende na watoto, mimi nitamleta. Koharu alinitazama kwenye kioo cha nyuma mpaka gari likapinda. Hakulia. Afadhali angelia.

Nilimpigia Noriaki. Nilisikia upepo, nikamsikia akisema nisubiri, nisubiri, nimtoe Mama kwanza, kisha sauti ikakatika.

Siku hiyo kizibo cha juu kiling'olewa. Kilivyong'olewa nitafika huko. Kwanza nikueleze yaliyofuata, maana ndiyo yanayonipa ujasiri wa kusema hayo mengine.

Maji yalianza kushuka, na kulipokucha yalikuwa chini ya mashimo ya nguruwe. Jasho likarudi kuwa jembamba, kisha likawa safi. Tuta limebonyea upande wa kaburini, ukilitazama linaonekana kama mtu aliyelalia bega bovu, lakini limesimama. Nyumba yetu imesimama, ya Ikuhara imesimama, na ya yule mjane wa chini yake. Watoto nililetewa wamelala, na paka naye.

Na bonde zima linasema Yasuhide alirudi.

Mama ndiye aliyewaambia. Aliwaambia kwenye kibanda cha mboga, akamwambia dereva wa basi, akamwambia daktari. Anasema, "Alikuja na dhoruba akafanya kazi yake, akaondoka na dhoruba. Haagi, kama baba yake." Watu wanampongeza Noriaki kwa kuwa na kaka wa namna hiyo, naye anainamisha kichwa, anasema asante. Mama sasa anaongeza wali. Anaimba akiosha figili, nyimbo ambazo sijapata kumsikia nazo tangu niolewe. Nilipomtajia tena habari ya kulikausha lambo mwezi wa kwanza ili tuta litengenezwe, alisema tu, "Mwenyewe ameshafungua. Endeleeni." Na kabla sijamaliza mshangao huo akasema anataka kwenda kwa daktari wa macho. Eti, "Nilimwona kama kivuli. Akija tena nataka kumwona uso."

Atapasuliwa katikati ya Desemba.

Hayo ndiyo yanayoninyima usingizi, Kaka, kuliko meno ya Itsuki. Sasa nikuambie.

Nilirudi ndani nikamvuta Mama mkono, akanivuta kurudi. Nilikaa sakafuni karibu naye kidogo. Nilikuwa nasikia maji ya mfereji wa pembeni, ule wa kupunguzia lambo, yanavyonguruma, na nilijua hayatoshi. Nikawaza: siwezi kumbeba, na siwezi kumwacha. Kilichobaki ni kwenda kwenye maji yenyewe. Buti zangu ni fupi, za shambani. Mlangoni zilikuwa zimening'inia zako. Nikazivaa, nikavaa na koti lako la buluu, kofia nikaifunga mpaka kidevuni. Nilichukua ile kamba ya wavu wa mwani aliyonipa baba yangu, nikapanda tutani nikiinama kwa upepo, nikaifunga kwenye jiwe la mungu wa maji, ncha nyingine kiunoni, nikashuka ngazi za mawe.

Maji yalinifika kifuani. Mpini wa kizibo nilikuta umetokeza juu kidogo tu. Nikavuta. Hakikutikisika. Nikavuta kwa mikono, nikavuta kwa mgongo, nikakiweka begani nikainuka nacho kama gunia la vitunguu. Miaka yote hiyo ya kukaa majini kilikuwa kimevimba na kushikana. Nililia, Kaka, kwa uchovu zaidi kuliko woga. Nilikasirika. Nilikutukana wewe kwa jina lako mara kadhaa, na mvua ilinisaidia, hakuna aliyesikia.

Kisha nikasikia naitwa. Si jina langu.

Mama alikuwa tutani juu yangu. Ametoka bila koti, mwavuli umepinduka, amekodoa macho yale yasiyoona. Aliona kivuli tu cha koti la buluu. Aliita, "Yasuhide! Ni wewe?"

Ningeweza kusema hapana. Nimelifikiria hilo kila siku tangu hapo, nikiwa nimeinama kwenye matuta ya vitunguu, kwamba palikuwa na nafasi ya kusema mimi ni Kanae, rudi ndani, Mama. Sikusema. Niliinua mkono.

Akaita tena, "Ni wewe?" Nikafanya sauti nzito nikaitika, "Ee, Mama."

Unajua alisema nini? Hakulia, wala hakukuuliza ulikuwa wapi. Alisema, "Umechelewa. Na usivute kama ng'ombe! Baba yako alikuonyesha nini? Kizungushe kwanza, kuelekea kwenye jua linakozama, mpaka kiseme, ndipo uvute." Nikakizungusha kwa kukiegemea na mwili mzima. Nilikisikia kikisema, sauti kama jino linalong'olewa. Nikavuta, kikaja.

Nisingekitoa bila maneno yale, na mimi asingeniambia. Maneno yale aliyaweka kwa ajili yako. Nimeyaiba, na ndiyo yaliyookoa nyumba tatu.

Alisimama pale kusikiliza maji yanavyoingia kwenye bomba, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Akasema, "Ndivyo." Kisha akaniambia nitoke nisije nikapata kikohozi kile, yeye anakwenda kupika. Akashuka peke yake. Mtu aliyekuwa ameota kwenye nguzo.

Mimi nilipita mlango wa nyuma, nikavua, nikajifuta, nikatokea jikoni na nguo zangu. Alikuwa amefinyanga matonge mawili makubwa ya wali na plamu ya chumvi ndani, yale unayopenda wewe, maana sisi hutufinyangia madogo. Akaniuliza, "Kaka yako yuko wapi?" Nikamwambia umeondoka, kwamba barabara ya kwenye daraja kubwa ilikuwa inafungwa. Akayaweka matonge mbele ya picha ya Baba, akamwambia kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia habari za bei ya vitunguu, kwamba Yasuhide amekuja, amekizungusha vizuri. Jioni aliyachukua akayala yeye mwenyewe, yote mawili.

Noriaki nilimweleza kesho yake. Alikwenda kuoga, akakaa majini mpaka maji yakapoa. Alipotoka alisema tu nisimwambie Mama, kisha akasema, "Mimi ningeweza kukitoa. Nilijua kinazungushwa. Nilichungulia Baba alipokuwa anamfundisha Kaka." Nikamwambia najua. Tulilala tumeshikana mikono kama wachumba, na sijui lini tulifanya hivyo mara ya mwisho.

Mwingine anayejua ni Mzee Ikuhara. Alikwenda kukagua tuta akaikuta kamba yangu bado imefungwa kwenye jiwe. Alinitazama, akahamisha sigara yake kutoka upande huu wa mdomo hadi ule. Akasema, "Yasuhide siku hizi anafunga kamba kama wakulima wa mwani." Nikamwambia labda amejifunza Osaka. Akasema, "Labda. Mwambie akija tena asiache ushahidi." Hajasema zaidi. Lakini mkewe ameniletea viazi vitamu mara mbili.

Sasa nisikilize, Kaka. Siulizi kwa nini huji. Noriaki alinisimulia maneno aliyokuambia marehemu Baba shambani, kwamba anayeacha vitunguu viozee ardhini ataoza yeye mjini. Yalikuwa maneno mabaya. Yeye mwenyewe, alipokuwa amelazwa, alinituma nikaangalie kama Mwenyekiti bado anakula kwenye mkono, kisha akaniuliza kama wewe ulikuwa umepiga simu. Maswali hayo mawili aliyauliza kwa pumzi moja. Nilimwambia ndiyo kwa yote mawili, na moja lilikuwa la uongo. Kumbe nilianza zamani kusema uongo kwa ajili yako.

Mwezi wa kwanza, Jumapili ya pili, tunalikausha lambo. Baba yangu anapanda kutoka pwani na wenzake wa mwani, kama walivyokuwa wakifanya zamani. Mwani wao miaka hii unatoka rangi ya majani makavu, anasema bahari imekuwa safi mno hata imekonda, inahitaji matope yetu. Watasukuma matope yateremke na kijito. Koi watahamishwa kwa mabeseni hadi lambo la Ikuhara, Mwenyekiti atapewa beseni lake peke yake. Korongo nilidhani watakimbia, lakini tangu maji yashuke kumekuwa na kina kifupi pembeni, na sasa wanashinda humo. Mama hawaoni, anawasikia wakigonganisha midomo, anasema mtu fulani anapasua kuni. Mwakani tuta litashindiliwa udongo mpya, mianzi itakatwa, na lambo litajaa tena, si kwa ajili ya mpunga, kwa ajili yao hao.

Kizibo cha chini sijakigusa, na Noriaki pia nimemkataza. Kimo matopeni kama ulivyokiacha. Ni chako.

Siku hiyo Mama atakuwa tutani, na atakuwa anaona. Madaktari wamesema hivyo. Atamwona vizuri yeyote atakayesimama pale. Ukiwa wewe, yale niliyofanya Oktoba nitamweleza mwenyewe baadaye, taratibu, mbele yako, na anigombeze anavyotaka. Usipokuwa wewe, sitavaa tena koti lako. Nitaingia na buti zangu fupi, kichwa wazi, nitakizungusha kuelekea kwenye jua linakozama, na Mama ataniona mimi ni nani na atajua Oktoba alikuwa nani. Sitaweza kumdanganya mtu aliyefunguliwa macho kwa ajili yako. Sitaki kumfanyia hivyo, Kaka. Lakini tuta siwezi kuliacha tena limngojee mtu, chini yake wanalala watoto wangu.

Mvua imepungua na Koharu ameamka. Anauliza namwandikia nani. Nimemwambia baba yake mkubwa. Anasema nikuulize kama unaogopa samaki wakubwa, maana yeye anaogopa na anataka mwenzake.

Noriaki anakusalimu, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Mama anakusalimu kila siku, huhitaji mimi nikufikishie. Mzee Ikuhara anasema ukija umletee kiberiti. Ukiwa na kikohozi, chemsha tangawizi na asali, usinywe baridi. Jifunike vizuri.

Buti zako nimeziosha, nimezianika kichwa chini kwenye fito mbili ndani ya kibanda. Zimeshakauka.

Mimi mke wa mdogo wako,
Kanae